Kusafisha Silaha Nyumbani: Ajali Yenye Kinga

Utangulizi

Tuanze na tukio la kufikirika, ambalo hata hivyo litamkumbusha msomaji habari nyingi alizowahi kuzisikia. Ni Jumapili alasiri. Mfanyabiashara anayemiliki bastola kwa kibali halali ameketi sebuleni akiwa na kitambaa, kopo dogo la mafuta na brashi. Ameshachomoa magazini na kuiweka juu ya meza. Risasi anaziona zimejipanga ndani yake, nje ya silaha. Mkewe yuko jikoni, upande wa pili wa ukuta. Mtoto wao anacheza kwenye zulia. Mzee huyu anavuta kifyatulio ili aweze kuifungua bastola, na papo hapo nyumba inatikisika kwa mlio.

Akifika hospitali, awe yeye ndiye majeruhi au awe amembeba aliyejeruhiwa, maneno yake aghalabu huwa haya: "Nilijua haina kitu." Hasemi uongo. Aliamini kwa dhati kuwa silaha ni tupu, na imani hiyo ndiyo iliyosababisha jeraha.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Usemi huo una hekima yake tunapokabiliwa na mambo tusiyoweza kuyaona yakija. Lakini ajali ya kufyatuka kwa silaha wakati wa kusafishwa si ya kundi hilo. Sababu zake zinajulikana, mfuatano wake unajulikana, na kinga yake haihitaji fedha nyingi wala mitambo. Makala haya yanaeleza kinga hiyo kwa wamiliki wa silaha na familia zao, kisha yanawageukia wahudumu wa afya, ambao huwapokea majeruhi na ambao pia wana nafasi ya kuzuia jeraha kabla halijatokea.

Kwa nini silaha "tupu" hufyatuka

Ili kuelewa ajali hii, ni lazima kwanza kutofautisha sehemu mbili ambazo risasi huweza kukaa. Ya kwanza ni magazini, yaani kisanduku kinachohifadhi risasi zinazosubiri zamu yake. Ya pili ni chemba, yaani nafasi iliyo nyuma ya mtutu ambamo risasi moja hukaa tayari kupigwa. Bastola nyingi na bunduki nyingi za kisasa zinapokokiwa, huchukua risasi moja kutoka kwenye magazini na kuisukuma ndani ya chemba. Tangu hapo risasi hiyo haitegemei tena magazini. Mmiliki anaweza kuichomoa magazini, akaiweka mezani, hata akaifungia kabatini, na ile risasi moja ikabaki chemba ikisubiri kifyatulio kivutwe.

Hapo ndipo macho yanapomdanganya mtu. Magazini iliyo mezani ni ushahidi unaoonekana. Risasi iliyomo chemba imefichwa ndani ya chuma. Akili humaliza hesabu kwa kile inachokiona.

Kosa la pili ni la mpangilio. Mtu anakumbuka kwamba ni lazima kuitoa risasi iliyo chemba, kwa hiyo anavuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, na kweli risasi inaruka nje. Anaridhika, kisha anachomoa magazini. Kumbe pale sehemu ile iliporudi mbele, iliokota risasi nyingine kutoka kwenye magazini iliyokuwa bado mahali pake na kuiingiza chemba. Ametoa moja, ameingiza moja. Hatua zote mbili alizifanya. Alichokosea ni ipi itangulie.

Kosa la tatu linatokana na umbo la baadhi ya silaha. Zipo bastola ambazo haziwezi kufunguliwa kwa kusafishwa mpaka kifyatulio kivutwe kwanza. Katika silaha za aina hiyo, kuvuta kifyatulio ni sehemu halali ya kazi ya kuzifungua. Endapo ukaguzi wa chemba umefanyika kwa haraka au haukufanyika kabisa, hatua hiyo ndiyo inayoleta maafa.

Kosa la nne hutokea mwishoni, wakati watu wengi wanapodhani hatari imekwisha. Silaha imesafishwa, imeunganishwa na imejazwa risasi upya. Simu inaita, au mgeni anabisha hodi. Mmiliki anarudi baada ya dakika chache na kuvuta kifyatulio "kujaribu tu" kama kinafanya kazi vizuri, akiwa amesahau kwamba ameshaijaza.

Kizuizi cha usalama, ambacho wengi hukiita sefti, kisichukuliwe kuwa jibu la makosa haya. Ni kipande cha chuma kinachoweza kuchakaa, kushika kutu au kusahauliwa, na silaha nyingine hazina kabisa kizuizi cha kubonyeza kwa kidole. Tena hakuna kizuizi kinachoweza kurekebisha dhana potofu iliyomo kichwani mwa anayeishika silaha.

Risasi inapotoka

Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9 hutoka ikiwa na mwendo wa takribani mita 350 kwa sekunde au zaidi. Ya bunduki ya kijeshi aina ya AK-47 hukaribia mita 700 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, ukuta wa udongo, wa mbao au wa mabati si kizuizi, na dari ya jipsamu ni kama karatasi. Sakafu ya saruji nayo huweza kuidundisha risasi na kuipeleka upande ambao hakuna aliyeutarajia. Ndiyo maana anayejeruhiwa mara nyingine si yule aliyeshika silaha, bali aliyelala chumba cha pili.

Ndani ya mwili, risasi huchana njia yake na kwa kitambo kifupi husukuma nyama za kando kwa nguvu. Hivyo tundu dogo juu ya ngozi linaweza kuficha mfupa uliovunjika vipandevipande au mshipa mkubwa uliokatika. Mtu mzima ana wastani wa lita 5 za damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, anaweza kupoteza kiasi cha kumuua kwa dakika chache, kabla gari halijafika.

Kabla ya kuanza: mtu, mahali na wakati

Anayesafisha silaha awe timamu. Asiwe amekunywa pombe hata kidogo, asiwe amechoka kwa mkesha, asiwe na hasira wala msongo. Dawa nazo zizingatiwe: dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, dawa za kutuliza wasiwasi na baadhi ya dawa za maumivu makali hupunguza umakini kama pombe inavyofanya. Mgonjwa anayemiliki silaha na aliyeandikiwa dawa za namna hiyo aulize kwa daktari au mfamasia.

Mahali pawe chumba kimoja chenye mwanga wa kutosha na hewa inayopita, mbali na jiko, moto, na vyombo vya chakula. Watoto, wageni na wanyama wasiwepo. Kazi hii haifanywi sebuleni huku mpira ukitazamwa kwenye televisheni. Simu izimwe au iachwe chumba kingine. Na ikiwa, pamoja na tahadhari zote, kazi itakatizwa, basi anaporudi mtu aanze upya kutoka hatua ya kwanza, hata kama anakumbuka vyema alipoishia. Kumbukumbu ndiyo iliyowaangusha wengi.

Upande salama uamuliwe kabla silaha haijatolewa kabatini. Debe au ndoo kubwa iliyojaa mchanga mkavu, iliyowekwa chini, ni msaada mzuri: vituo vingi vya ulinzi duniani hutumia chombo cha mchanga kwa kazi hii hii ya kuhakiki silaha. Asiyekuwa nacho atafute uelekeo ambao risasi ikitoka haitampata mtu wala kudunda. Aelewe pia kwamba kuelekeza mtutu darini si usalama, kwa sababu risasi inayopanda itashuka mahali fulani.

Hatua za kuondoa risasi

Hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio huu, kila mara, hata kama silaha "ilikaguliwa jana".

1. Ichukulie silaha kuwa ina risasi. Msimamo huu usibadilike kwa sababu ya maneno ya mtu mwingine, hata kama ni ndugu au askari mzoefu.

2. Elekeza mdomo wa mtutu upande salama na uubakize huko muda wote. Usiupitishe mbele ya mkono, paja au mguu wako.

3. Weka kidole cha shahada nje ya kifyatulio, kikiwa kimenyooka ubavuni mwa silaha.

4. Chomoa magazini kwanza. Hatua hii daima hutangulia inayofuata.

5. Vuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, au bolti ya bunduki, ili risasi iliyomo chemba iruke nje. Rudia mara kadhaa. Usijaribu kuidaka risasi inayoruka, iache ianguke.

6. Iache silaha ikiwa wazi, kisha kagua. Tazama ndani ya chemba kwenye mwanga, halafu gusa kwa ncha ya kidole. Kagua pia nafasi ilimokuwa magazini. Jicho na kidole vithibitishe jambo lilelile.

7. Ondoa risasi zote chumbani. Zihesabu, zifungie mahali pengine, ndipo urudi kwenye kazi. Silaha inayosafishwa na risasi zake visikae kwenye meza moja.

8. Ikiwezekana, mtu mzima wa pili anayefahamu silaha ahakiki. Si dharau kwa mmiliki. Daktari wa upasuaji naye huhesabiwa vitambaa na muuguzi kabla ya kufunga tumbo la mgonjwa.

9. Sasa ndipo ifunguliwe. Ikiwa aina hiyo inahitaji kifyatulio kivutwe, kivutwe mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye mchanga.

Kila aina ya silaha ina siri yake. Bastola ya mzunguko ifunguliwe na matundu yake yote yahesabiwe moja baada ya jingine. Shotigani ya kukunja ni rahisi kukagua, kwa kuwa ikikunjwa mitutu yote miwili huonekana. Lakini ile ya kusukuma mbele na nyuma ina bomba chini ya mtutu ambalo huficha risasi kadhaa, na kutoa moja si kuzimaliza. Silaha iliyokwama, yenye risasi isiyotoka, isishughulikiwe nyumbani kwa bisibisi na nyundo. Mmiliki aiache imeelekea upande salama, awaondoe watu, na awaarifu polisi au fundi silaha mwenye leseni.

Neno moja kuhusu silaha inayoponyoka mkononi: iache ianguke. Silik ya mtu ni kuinyakua, na vidole vinavyonyakua kwa pupa huishia kwenye kifyatulio.

Gobole: tatizo la pekee

Vijijini, hasa kwenye mashamba yanayovamiwa na nguruwe pori na nyani, bado yapo magobole. Gobole hushindiliwa baruti na marisau kupitia mdomo wa mtutu, na halina chemba inayoweza kufunguliwa na kutazamwa. Kwa hiyo hatua tulizozieleza hazitoshi. Gobole lililoshindiliwa msimu uliopita na kutundikwa ukutani linafanana kabisa na lililo tupu, na mrithi wake hana namna ya kujua kwa kulitazama.

Kipimo chake ni ufito wa kushindilia. Wakati gobole linapojulikana kwa hakika kuwa tupu, ufito hutumbukizwa hadi mwisho na kuwekwa alama palipo mdomo wa mtutu. Siku nyingine ufito ukitumbukizwa na alama ikabaki juu ya mdomo, kuna kitu ndani. Kabla ya kipimo hicho, fataki iondolewe kwanza, na uso na kiganja visiwe juu ya mdomo wa mtutu. Gobole lenye shindilio la zamani lisisafishwe, lisichokonolewe wala kupashwa moto.

Magobole mengi yametengenezwa kienyeji kwa mabomba ambayo hayakukusudiwa kustahimili baruti, nayo huweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Nchini Tanzania, umiliki wa silaha husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nchini Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Aliye na silaha isiyo na kibali, au aliyerithi bunduki ya marehemu baba yake bila kujua afanye nini, ushauri wa kiafya na wa kisheria ni mmoja: isisafishwe, isihifadhiwe, isalimishwe. Njia njema ni kuwasiliana kwanza na polisi au serikali ya mtaa ili waelekeze namna ya kuikabidhi, badala ya kuibeba barabarani.

Madhara mengine: madini, mafuta na masikio

Kiswahili kinatukumbusha jambo ambalo lugha nyingine hulificha: risasi ya bunduki inaitwa kwa jina la madini yake. Masizi yanayobaki ndani ya mtutu huwa na chembechembe za madini ya risasi, zitokazo kwenye tunguu lenyewe na kwenye kiwashio chake. Chembe hizo huingia mwilini kwa mikono isiyonawiwa na kwa vumbi linalovutwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio huathirika zaidi, hasa ubongo wao. Kwa hiyo vitambaa vya kusafishia visitupwe ovyo, meza ifutwe kwa kitambaa kibichi, mikono inawiwe kwa sabuni, na nguo zibadilishwe kabla ya kumpakata mtoto.

Baadhi ya watu husafisha silaha kwa petroli au mafuta ya taa. Mvuke wa petroli huwaka kwa cheche ndogo, na mafuta ya taa yaliyomiminwa kwenye chupa ya soda ni chanzo kinachojulikana cha sumu kwa watoto. Mtoto akiyanywa, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa ili atapike, kwa kuwa mafuta yakiingia mapafuni huleta homa kali ya mapafu. Apelekwe hospitali mara moja. Yatumike mafuta maalumu ya silaha, yakiwa kwenye chombo chake chenye jina.

Mlio wa risasi nao huzidi desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unatosha kuharibu usikivu, na ndani ya chumba madhara huzidi. Anayebaki na mvumo masikioni au kupoteza usikivu baada ya mlio amwone daktari mapema.

Baada ya kusafisha, na watoto wa nyumbani

Silaha ikishaunganishwa, ijaribiwe ikiwa tupu, mtutu ukiwa kwenye mchanga, kisha kazi itangazwe kuwa imekwisha. Wapo wanaosema kwa sauti, "Nimemaliza." Inasikika kama mchezo, lakini huiambia akili kwamba kuanzia hapo kifyatulio hakivutwi tena. Silaha ihifadhiwe tupu ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, risasi zifungiwe mahali tofauti, na funguo zisikae juu ya mlango ambako kila mtoto wa nyumba hiyo anapajua.

Wazazi wengi husema, "Mtoto wangu nimemwonya, haigusi." Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Marekani ambamo wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, katika vikundi 29, waliachwa ndani ya chumba kilichofichwa bastola halisi isiyoweza kufyatua. Vikundi 21 viliigundua. Vikundi 16 viliishika. Katika vikundi 10, angalau mtoto mmoja alivuta kifyatulio. Wengi wa walioishika walikuwa wamewahi kupewa mafunzo ya aina fulani kuhusu hatari ya silaha. Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa kuifungia silaha, kuihifadhi tupu, kuzifungia risasi na kuzitenga na silaha, kila kimoja kilihusiana na kupungua kwa majeraha ya watoto na vijana. Onyo ni jema, lakini kufuli haisahau.

Ajali ikitokea

Kwanza, silaha iwekwe chini, mdomo ukielekea mbali na watu, na isichezewe tena. Kisha itafutwe damu inapotoka.

Jeraha likiwa mguuni au mkononi na damu ikitoka kwa kasi, lighandamizwe mara moja kwa kitambaa safi. Kanga iliyokunjwa inafaa. Mgandamizo uwe wa nguvu, wa mikono miwili, usioachiliwa kila baada ya dakika ili "kuangalia kama imekata". Damu ikiendelea kumwagika, ifungwe tonikweti, yaani mkanda wa kukaza: kitambaa chenye upana wa angalau sentimita 4, kifungwe sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha upande wa moyo, si juu ya kiungo, na kikazwe kwa kijiti kinachozungushwa mpaka damu ikome. Kamba nyembamba au waya visitumike, kwani hukata nyama. Saa ya kufunga iandikwe, na mkanda usilegezwe hadi hospitali.

Jeraha la kifua lifunikwe kwa wepesi, lisizibwe kwa nailoni isiyopitisha hewa. Majeruhi akipumua kwa shida, asaidiwe kukaa kama ndivyo anavyopata nafuu. Jeraha la tumbo lifunikwe kwa kitambaa kibichi kilicho safi, na utumbo uliotoka usirudishwe ndani. Majeruhi asipewe chakula wala kinywaji, afunikwe asipate baridi, na lisiingizwe jerahani majivu, chumvi, mafuta ya taa wala kidole cha kutafuta risasi. Risasi iliyobaki mwilini si ya kuhangaikia nyumbani; damu ndiyo ya kuhangaikia. Nchini Tanzania namba 112 huwafikia polisi kwa dharura.

Neno kwa wahudumu wa afya

Majeruhi wa risasi huja na hofu mbili, ya kufa na ya kukamatwa. Fomu ya polisi, PF3, ina umuhimu wake, lakini isiwe lango linalofungwa mbele ya mtu anayevuja damu. Uhai utangulie, fomu ifuate, na taarifa kwa polisi itolewe kama sheria inavyoagiza.

Katika uchunguzi, kudhibiti damu nyingi kuende sambamba na njia ya hewa na upumuaji. Majeruhi avuliwe nguo zote, ageuzwe na kukaguliwa mgongo, kwapa, msamba na kichwa, kwa sababu tundu dogo hujificha. Idadi ya matundu ikijumlishwa na idadi ya risasi zinazoonekana kwenye eksirei, jumla kwa kawaida huwa namba shufwa. Ikiwa ni witiri, kuna tundu au risasi ambayo bado haijaonekana. Asidi ya traneksamiki husaidia kwa anayevuja damu nyingi endapo itatolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia. Kinga ya pepopunda isisahauliwe. Nguo zisikatwe kupitia kwenye tundu la risasi, nazo zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi. Kwenye jalada yaandikwe mahali, ukubwa na umbo la kila tundu, badala ya kubahatisha lipi ni la kuingilia na lipi la kutokea.

Lipo jambo jingine linalohitaji staha. Maneno "nilikuwa naisafisha" mara nyingi ni ya kweli, lakini mara nyingine hufunika jaribio la kujiua au ugomvi wa ndani ya nyumba. Mhudumu asimhukumu mtu, lakini amuulize akiwa peke yake, kwa sauti ya chini, kuhusu hali yake ya moyo, usingizi, pombe, madeni na amani ya nyumbani. Swali la moja kwa moja kuhusu mawazo ya kujiua halimpandikizii mtu mawazo hayo. Aghalabu humpa mlango wa kusema.

Na kinga ianze kabla ya jeraha. Tumezoea kumuuliza mama kama analala ndani ya chandarua na kama mafuta ya taa yamehifadhiwa mbali na mtoto. Kwa mgonjwa mwenye sonona, mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu, mlevi anayetafuta tiba, au familia yenye mlinzi, askari au mwindaji, swali hili nalo ni la kitabibu: "Je, nyumbani kuna silaha? Inahifadhiwaje?" Jibu likiwa ndiyo, ushauri mfupi wa kuifungia, au wa kuikabidhi kwa muda kwa mamlaka mgonjwa anapokuwa katika kipindi kigumu, unaweza kuokoa maisha.

Hitimisho

Turudi kwa yule mzee wa Jumapili alasiri. Angechomoa magazini kisha akavuta sehemu ya juu ya bastola, risasi ile ingeanguka sakafuni. Angesahau kuivuta lakini akaangalia chemba kwa jicho na kidole, angeiona. Angesahau yote mawili lakini mtutu ukawa umeelekea kwenye debe la mchanga, angeharibu debe. Angekosea yote hayo lakini mke na mtoto wakawa nje ya nyumba, angebaki na mvumo masikioni na funzo la maisha. Ilibidi kila kinga ikosekane ndipo jeraha litokee, na kila moja kati ya hizo haimgharimu mtu zaidi ya dakika chache. Silaha isemwe kuwa haina kitu baada ya kukaguliwa, si kabla.